"Bomba ni bomba, moshi si unatoka?" Wakuu, huyu mtu wa klasi 59 ametutukana

Wakuu, nimewaka na sipoi leo. Jina sitaji, mnamjua. Yule yule wa "kazi mpya" kila Jumapili, mwenye meza ya reli yenye mbuyu mmoja na ng'ombe watatu.

Asubuhi hii katupia modeli yake ya Garratt (injini ya mvuke yenye boila katikati, na tangi na magurudumu yake mbele na nyuma) ya klasi 59, skeli ya 1:87, yaani imepunguzwa mara 87, na kibao cha dhahabu chini yake: "Mombasa–Nairobi 1956". Juu kaiwekea bomba la moshi la aina ya Giesl! 1956! Nikamwambia kwa adabu zote, ndugu yangu, bomba hilo ni la baadaye. Akajibu mbele ya watu wote: "Bomba ni bomba. Moshi si unatoka?"

Moshi si unatoka! Basi na jiko la mkaa tulifunge magurudumu tuliite Mount Gelai, kama injini ya makumbusho!

Kwa wageni: injini za klasi 59 zilikuwa 34, namba 5901 hadi 5934, zikaundwa na Beyer, Peacock wa Manchester, 1955 na 1956. Zilifika na bomba la duara la kawaida. Giesl ni kifaa cha mhandisi wa Austria, na East African Railways walikifunga baadaye huku huku. Ndani yake mvuke unatokea kwenye vipua vidogo vilivyopangwa mstari mmoja, ndiyo maana mdomo wake hauwezi kuwa duara. Ukikitazama kwa mbele ni chembamba kama bahasha iliyosimama wima. Kwa ubavu kinaonekana kipana. Kwa hiyo picha ya ubavu peke yake haitoshi kuamua. Tafuta ya mbele.

Na najua alipopotelea. Kaangalia picha za 5918 Mount Gelai iliyoko makumbusho ya reli Nairobi, akainakili kama ilivyo. Injini ile imesimama pale na hali ya mwisho wa kazi yake, si hali ya siku iliposhushwa Mombasa. Ya makumbusho iulize vipimo: magurudumu, nafasi za ekseli, urefu wa tangi. Mwaka usiiulize. Bomba, taa, rangi, maandishi, kila kimoja kinataka picha yake yenye tarehe na namba ya injini inayosomeka.

Vipimo navyo kavivuruga. Injini ina mita 31.7 na ushee. Gawanya kwa 87 unapata milimita 365. Yake kaitangaza mwenyewe kwa majivuno kuwa ni 340! Magurudumu makubwa ni milimita 1,372, yaani 15.8 kwenye modeli. Kaweka ya 14 kwa kuwa "ndiyo yaliyokuwepo". Boila ya mita 2.29 inatakiwa itoke milimita 26, yake imekonda kama imetoka kuugua malaria. Nyuma kafunga mabehewa yenye maandishi "KR". Kenya Railways, shirika lililokuja baada ya Jumuiya kuvunjika 1977, linavutwa na injini ya 1956!

Hayo yote ningemsamehe. Lakini "moshi si unatoka"? Mbele za watu?

Fundi_Bogi: Mleta uzi umeanza na bomba, ukamaliza na bomba. Kunywa maji kwanza, mkuu.

MamaStesheni: Nimeiona hiyo picha. Mbona ng'ombe wamependeza?

Mzee wa Voi: Hiyo 340 mimi naijua ilikotoka. Kapima kwenye picha iliyopigwa kwa pembeni-mbele, injini inakimbilia nyuma, lazima urefu upungue. Vijana, fanyeni hivi. Tafuta picha iliyopigwa ubavu kabisa, mpiga picha akiwa mbali. Pima gurudumu moja kubwa la katikati kwenye picha. Likitoka milimita 20 basi kila milimita ya picha ni 68.6 za kweli. Rudia kwa gurudumu la upande wa pili wa Garratt. Namba mbili zikipishana, picha imepinda, itupe. Na kipimo hicho kitumie kwa vitu vilivyo usawa wa magurudumu tu. Bomba liko kwenye mstari wa katikati wa upana wa boila, mbali zaidi na kamera, kwa hiyo linaonekana dogo kuliko lilivyo.

Mleta uzi: Asante mzee! Ndivyo nilivyomwambia. Akasema moshi si unatoka!!

Fundi_Bogi: Tumesikia.

ribiti_elfu: Mzee wa Voi umesahau michoro. Mchoro wa kiwanda ukishatolewa kopi na kuskaniwa, karatasi inavutika upande mmoja kuliko mwingine. Pima kitu unachokijua kwa mlalo NA kwa wima kabla hujaamini milimita hata moja. Nyaraka za Beyer, Peacock zipo makumbusho ya sayansi na viwanda kule Manchester, lakini mchoro unakuonyesha walichokusudia kuunda. Karakana ikishabadilisha, mchoro haujui.

Kero yangu mimi ni rangi. Kuna mtu humu, naye mnamjua, kapaka 59 kijivu tupu kwa sababu kaona picha ya kiwandani. Jamani! Viwanda vya Uingereza vilikuwa vinapaka injini kijivu kwa ajili ya kupigwa picha tu, mistari ionekane vizuri. Kazini 59 ilikuwa nyekundu iliyoiva, maruni. Na picha za zamani za nyeusi na nyeupe zisikuamulie rangi. Filamu za aina ya kale zilikuwa hazioni nyekundu, kwa hiyo maruni inatoka nyeusi ti, na bluu inatoka nyeupe. Watu wanasema "ilikuwa nyeusi, angalia picha". Picha ndiyo kipofu!

MtuWaTabora: Kila siku 59, 59, 59. Kwani reli iliishia Nairobi? 59 ilikuwa na mzigo wa tani 21 kwa ekseli, ilijengewa reli nzito ya Mombasa–Nairobi. Huku Reli ya Kati tulikuwa na klasi 30, injini 26 za North British, 1955 na 1956, mpangilio wa magurudumu 2-8-4, na tenda (behewa la nyuma ya injini) kubwa ya maji kwa sababu ya ukame wa njia yetu. Nani kaziunda hapa? Hakuna! Na mwenye kujaribu anachukua tenda ya klasi 31 anaibandika. Klasi 31 ni za Vulcan Foundry, nyepesi, tenda yake si hii. Weka picha mbili kando kwa kando utaona.

Halafu 3020 Nyaturu, jina la watu wa Singida, iko Nairobi. Mnaipita kwenda kupiga picha Mount Gelai.

Mleta uzi: Kaka, uzi huu ni wa bomba.

MtuWaTabora: Fungua mwingine basi.

Kahe_Junction: Mimi naumia na mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli. Mtu anakesha wiki tatu anahesabu ribiti, halafu injini anaiweka juu ya mataruma ya mbao, wakati njia zetu za mita zilikuwa na mataruma ya chuma kwa sehemu kubwa. Reli za dukani za milimita 12 nyingi zina sura ya mbao. Ng'oa, kata vipande vya plastiki nyembamba, kunja ncha zote mbili kuelekea chini, zizame kwenye kokoto. Kokoto zifike usawa wa uso wa taruma, zisilifunike.

Na msitumie reli ya milimita 9! Kwa 1:87 hiyo ni njia ya milimita 783. Metagauji (njia ya upana wa mita moja) inataka 11.5, kwa hiyo 12 ndiyo ya karibu.

TazaraDamu: Piga hesabu vizuri. 12 mara 87 ni 1,044. Nyinyi wa 1,000 mmezidisha 44. Sisi TAZARA wa 1,067 tumepungukiwa 23 tu. Hiyo reli ni yetu kuliko yenu. Na sisi taruma ni za zege, kwa hiyo mbao zenu hatuzitaki hata kuziona. Kero yangu ni wale wanaounganisha behewa la TAZARA na treni ya Reli ya Kati pale Dar kana kwamba gauji ni moja.

MamaStesheni: Samahani, vioo vya behewa langu vimeingia ukungu mweupe. Nimeharibu wapi?

Fundi_Bogi: Superglue hiyo, dada. Mvuke wake unaganda kwenye plastiki angavu. Vioo bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, tone kwa ncha ya kijiti. Vilivyoharibika vitoe, ukungu ule haufutiki kwa kitambaa.

Mleta uzi: Kwa hiyo hakuna anayeona ubaya wa kusema moshi si unatoka?

ribiti_elfu: TazaraDamu, ukitaka usahihi hamia 1:64 juu ya reli ya 16.5. Unapata 1,056, tofauti milimita 11 tu. Wa Afrika Kusini ndivyo wanavyofanya kwa njia zao za 1,067.

Kahe_Junction: 1:64 hiyo 59 inafika milimita 496. Nusu mita! Itapita kona gani?

Mzee wa Voi: Usikisie, jaribu kwa karatasi ngumu. Kata vipande vitatu, tangi la mbele, boila, na la nyuma, kwa urefu wa skeli. Viunganishe kwa pini pale kwenye egemeo, yaani pale kipande kinapozungukia, si kwenye ncha. Vikokote juu ya kona uliyoichora. Boila itakata kwa ndani, ncha za matangi zitatoka kwa nje. Weka alama za penseli pande zote mbili, ndipo upange jukwaa la stesheni.

Kahe_Junction: Egemeo la nyuma liko chini ya kibanda au mbele yake?

Mzee wa Voi: Ngoja nitafute mchoro.