Hema ndani ya hifadhi: chakula kilale wapi?

MgeniWaHema
Wakuu, salaam. Tunaingia hifadhi ya taifa, watu wanne, usiku mbili, gari moja. Kambi haina uzio. Nyani wapo, fisi wapo, tembo hupita. Boksi la barafu lina nyama mbichi na matunda. Usiku tuliweke hemani au tulitundike mtini? Na mabaki tuyafukie?

JikoLaPorini
Mkuu, hemani kisiingie chochote chenye harufu, hata pipi mfukoni. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujikinga na jua, suruali uliyojifutia mikono baada ya kula nyama: vyote vilale kwenye gari lililofungwa, vioo vimepandishwa hadi juu. Ule uwazi mdogo wa kupitisha hewa ndio nyani anaoingizia vidole. Boksi nalo liingie garini, maana kifuniko chake kimetengenezwa kuzuia joto, si meno ya fisi. (Viatu vya ngozi pia usiviache nje. Fisi havibagui.)

Nyama igandishe kabla ya safari, ifunge mara mbili, iweke chini kabisa. Vinavyoliwa bila kupikwa vikae juu, visidondokewe na maji yake. Ndani ya boksi joto lisizidi nyuzi 5. Chakula kikishatoka kwenye baridi, mwisho ni muda wa saa mbili, na siku ya joto la nyuzi 32 kwenda juu, saa moja. Pikeni mapema, muoshe vyombo kabla giza halijaingia.

Kuni_na_Majivu
Naongezea la mtini. Kutundika chakula ni mbinu ya hifadhi zenye dubu: mfuko unakaa mita 3 au zaidi kutoka ardhini, na zaidi ya mita 1 kutoka kwenye shina. Penye nyani na tumbili, hapo umewaandalia meza.

Machungwa yaacheni nyumbani. Tembo huyanusa hata yakiwa ndani ya gari, na anaweza kulivunja akiyatafuta.

Mabaki msifukie, yatafukuliwa usiku huohuo. Kuchoma nako kunadanganya: mifupa na karatasi ya alumini haviishi, mafuta yanabaki kwenye majivu, na anayekuja kuyachimbua anakuja karibu na mlango wenu. Fungeni kwenye mifuko miwili, iwekeni garini, mtoke nayo. Maji ya vyombo yachujeni kwa kitambaa; makombo yaende kwenye taka, maji yamwagwe mbali, kama mita 60 kutoka kwenye hema na kwenye mto.

MgeniWaHema
Shukrani. Na nyani akinivamia nikiwa na mkate mkononi?

JikoLaPorini
Mwachie. Usivutane naye, usimkazie macho, wala usimchekee, kwani kwake meno yaliyo wazi yanaweza kuwa tishio. Rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo.

Ila usimrushie ndizi ili aondoke. Kesho atamdai mwingine, na nyani aliyezoea kunyang'anya watu mara nyingi huishia kupigwa risasi.

Kuni_na_Majivu
Kabla ya kulala, mmulike tochi chini ya meza na viti. Ganda moja lililodondoka linatosha kumleta mgeni.