Ncha za mizizi ya kitunguu: mbona sioni seli zinazogawanyika?

Mwl_Bios
Wakuu, naomba msaada. Naandaa praktikali ya mitosisi (mgawanyiko wa seli) kwa mizizi ya kitunguu maji. Mizizi ina sentimita 4; nakata kipande cha sentimita 1, nakichovya kwenye asidi hidrokloriki (HCl) ya 1 M dakika 5 bila kupasha, kisha asetokamini (rangi ya kromosomu) dakika 2, nabonyeza. Naona seli ndefu zilizopandana kama vigae, rangi hafifu, kromosomu hakuna hata moja. Hadubini ni nzima, slaidi za dukani zinaonekana safi. Tatizo ni rangi?

Fundi_Maabara
Mwalimu, rangi usiilaumu bado. Seli ndefu maana yake unaangalia eneo la kurefuka, ambako mgawanyiko umeshakwisha. Unazozitafuta ziko nyuma tu ya kofia ya mzizi, ndani ya milimita 1 hadi 2 za mwisho. Kile kipande cha sentimita 1 ni cha kushikia kwa koleo tu. Kikishaiva rangi, ncha inakolea wekundu kuliko sehemu nyingine. Bakiza hapo palipokolea, kwa wembe mpya, kingine chote tupa. Kinachobaki hakizidi kichwa cha pini, na wanafunzi wengi hudhani wamekipoteza.

Asidi ya baridi kwa dakika 5 nayo haitoshi. Kazi yake ni kuyeyusha pektini inayogandisha seli kwa seli, na hapo inataka 60°C, dakika 5 hadi 8. Huna kifaa cha kupashia? Changanya maji yanayochemka na ya bomba nusu kwa nusu kwenye bika, pima kwa kipimajoto, kisha simamisha humo testi tyubu yenye asidi. Ukipitiliza sana mzizi unakuwa uji na rangi haishiki. Ukimaliza suuza kwa maji mara 3.

Ncha2mm
Naona fiksativu, dawa ya kuua seli na kuzihifadhi zilivyo, imerukwa. Ethanoli kavu sehemu 3, asidi asetiki isiyozimuliwa sehemu 1, na uchanganye siku hiyohiyo, maana ikilala vinamenyuka vyenyewe na kutengeneza esta. Ncha zidumbukize mara tu zikikatwa, ziache saa 24, halafu hamishia kwenye ethanoli ya 70% uweke kwenye friji. Hapo unaweza kuzitumia hata wiki zijazo.

Mizizi ya sentimita 4 pia imepitiliza. Kata ikiwa na 1 hadi 2, kwa kawaida siku ya 2 hadi ya 4. Kwangua mizizi mikavu ya zamani, kitako tu cha kitunguu kiguse maji, na maji ubadilishe kila siku, la sivyo kitaoza. Kitunguu kikigoma kuota, huenda kilitiwa dawa ya kuzuia kuchipua. Jaribu punje za kitunguu saumu; nacho kina kromosomu 16.

Mwl_Bios
Asanteni sana. Siki inaweza kushika nafasi ya asidi asetiki? Na kioo kifuniko kinateleza kila nikibonyeza.

Fundi_Maabara
Siki haifai, ina asidi kama 5% tu. Asetokamini inataka 45%: gramu 1 ya karmini kwenye mililita 100, chemsha taratibu penye hewa ya kutosha, poza, chuja. Iache kwenye ncha dakika 10 hadi 15, na ikianza kukauka ongeza tone. Chokonoa ncha kwa sindano ya chuma, maana chembe za chuma zinazoyeyuka humo ndizo zinazokoleza karmini.

Kuhusu kuteleza: funika, kisha gonga juu ya kioo kwa kitako cha penseli chenye ufutio, polepole, mpaka kile kidonge kitawanyike kama wingu. Hapo ndipo uweke karatasi ya kufyonza na kukandamiza kwa dole gumba, wima. Ukisukuma pembeni hata kidogo, seli zinaviringika na kromosomu zinakatika.

Ncha2mm
Anza na lenzi ya 10, tafuta seli ndogo za mraba zenye kiini kikubwa, ndipo uhamie 40. Usishangae nyingi kuwa interfezi, yaani bado hazijaanza kugawanyika. Profezi (hatua ya kwanza, kromosomu zinapoanza kuonekana) utazipata mapema, anafezi (kromosomu zinapovutwa pande mbili) zinahitaji subira. Kolchisini, kemikali ya kusimamisha mgawanyiko, achana nayo kwa somo hili. Ni sumu, na kwa kuwa inazuia nyuzi za spindo zinazovuta kromosomu, anafezi hutaziona kabisa.