Nimshawishije mwajiri alipie ada yangu ya uanachama wa kitaaluma?

Mkaguzi wa mifumo
Ndugu wanataaluma, naomba ushauri wenu. Nina cheti cha CISA, cha ukaguzi wa mifumo ya kompyuta, kinachotolewa na ISACA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa fani hiyo, na kila mwaka hujilipia mwenyewe ada ya uanachama pamoja na ada ya kukihuisha, ingawa kampuni hukiambatisha katika zabuni zake. Nilipomgusia mkuu wangu wa idara jambo hili, alinijibu kwamba uanachama ni mali ya mtu binafsi na kwamba nikihama nitaondoka nao. Ombi liandikwe vipi ili lisikilizwe?

Afisa rasilimali watu
Maombi ya aina hii hupita mezani kwangu, na mengi hukwama kwa sababu mwombaji anaeleza atakachopata yeye, wakati anayeidhinisha anataka kujua ofisi itapungukiwa nini ada isipolipwa. Anza na zabuni: taja zilizotumia cheti chako, na uambatishe ukurasa wenye masharti ya sifa za wataalamu. Kisha tenganisha cheti na uanachama, kwa kuwa si kitu kimoja. Cheti kinadai angalau saa 20 za mafunzo kila mwaka na saa 120 katika miaka 3, na asiyetimiza anaweza kufutiwa. Mtu anaweza kuwa nacho bila kuwa mwanachama. Lakini mwanachama hulipa ada ndogo zaidi ya kukihuisha na hupata mafunzo mengi ya mtandaoni bila malipo, ambayo huhesabiwa katika saa hizo. Hapo ndipo penye hoja ya fedha: linganisha ada ya uanachama na gharama ya semina ambazo ofisi ingekulipia ili utimize saa hizo hizo. Peleka ombi kabla bajeti haijafungwa. Ukitaka kumtoa mkuu wako wasiwasi, ahidi kwa maandishi kurejesha ada ukiondoka kabla ya mwaka kwisha.

Mhasibu
Nakubaliana na hayo yote isipokuwa ahadi ya kurejesha ada. Masharti hayo yanafaa kwa masomo ya gharama kubwa ambayo faida yake hudumu miaka mingi. Uanachama hulipiwa mwaka hadi mwaka, na katika mwaka huo ofisi inautumia kila inapowasilisha jina lako kwa mteja. Kwa hiyo ukihama, unaondoka na muda mfupi uliobaki tu. Hilo ndilo jibu la kumpa mkuu wako, tena kwa upole. Akikataa kabisa, angalia sheria ya kodi ya nchi yako. Uingereza, kwa mfano, mfanyakazi anayelipa ada kwa chama kilichoidhinishwa na mamlaka ya kodi anaweza kuomba nafuu ya kodi, mradi mwajiri hakumrudishia fedha hizo.

Mkaguzi wa mifumo
Nawashukuru sana. Nitaandika ada hizo mbili katika mistari tofauti, ili ikishindikana zote, angalau ya cheti ipite. Je, nilipe kwanza ndipo nidai?

Afisa rasilimali watu
Pata idhini ya maandishi kwanza. Ofisi nyingi hazirejeshi fedha iliyotumika kabla ya kibali, hata hoja ikiwa nzuri kiasi gani.