Seva ya nyumbani: nabadilishaje diski ya kubutia (inayowashia mfumo) bila kupiga (kusakinisha) mfumo upya?

kasevaKangu: Wakuu habari za jioni. Nina kompyuta ya zamani ya ofisini niliyoipigia Debian (aina ya Linux), ndiyo seva yangu ya nyumbani. Mfumo uko kwenye diski ya GB 500, ile ya kuzunguka. Picha za familia ziko kwenye nyingine ya TB 4, hiyo haina tatizo. Ya kubutia imeanza kugongagonga, na smartctl (programu ya kupima afya ya diski) inaonyesha Current_Pending_Sector 16, yaani sekta zinazosumbua kusomeka. Juzi ilikuwa 8. Nimenunua SSD ya GB 240, mfumo wenyewe umekula GB 31 tu. Sitaki kuanza upya, nina Samba (ya kushirikisha mafaili), Docker (ya kuendeshea programu kwenye makontena) na vijiskripti kibao. Naombeni njia.

mzeeWaKebo: Piga upya tu mkuu, Debian ni nusu saa.

kasevaKangu: Kupiga ni nusu saa, kurudisha mipangilio yote ndiyo kasheshe.

bintiLinux: Zima hiyo seva kwanza, kila ukiiwasha kuangalia namba unaipunguzia umri. Hapo Clonezilla (programu ya kunakili diski nzima) itakusumbua, kwa kawaida haikubali kuhamishia kwenye diski ndogo kuliko ya mwanzo. Na dd, amri ya kunakili diski, ikigonga sekta mbovu inasimama.

Buti kwa flashi ya Linux. Kama TB 4 ina GB 500 wazi, vuta diski nzima kwa ddrescue (programu ya kuokoa data) iwe faili moja humo. Inasoma kwanza sehemu nzima, mbovu inaziachia mwisho. Ipe na faili ya ramani, umeme ukikatika itaendelea ilipoishia. Ikimaliza, iweke diski mbaya pembeni. Usiitupe.

Ifungue ile faili kwa losetup -P (ionekane kama diski), pitisha e2fsck (ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili), kisha gawanya SSD: MB 512 za FAT32 kwa ajili ya EFI (sehemu ya kuanzia kubuti), zilizobaki ext4 (mfumo wa faili wa Linux). Halafu hamisha mafaili kwa rsync -aAXHx (amri ya kunakili) ukiwa root (msimamizi mkuu). Hiyo X kubwa usiiruke, Docker ina alama zake kwenye sifa za ziada za faili.

kasevaKangu: Asante dada. Ikishahamia itabuti yenyewe?

bintiLinux: Haibuti. Patisheni mpya zina UUID (namba ya utambulisho) mpya, na fstab, faili inayotaja patisheni za kuunganisha, bado inazitafuta za zamani. Tazama UUID mpya kwa blkid, badilisha kwenye fstab. Kisha ingia kwenye mfumo ulio kwenye SSD kwa chroot ukiwa umeunganisha /dev, /proc, /sys na ile ya EFI kwenye /boot/efi, piga grub-install, update-initramfs -u, update-grub, ndizo zinazoandaa upya faili za kubutia.

fundiWaMtaa: Naongezea kidogo. Kabla ya chroot angalia kama /sys/firmware/efi ipo. Isipokuwepo, flashi imebuti kwa mtindo wa zamani, na grub-install haitaweza kujiandikisha kwenye ubao mama. Zima, ichague flashi kwenye menyu ya kubuti pale ilipoandikwa UEFI.

Na kama una patisheni ya swap (ya kusaidia RAM), pitia /etc/initramfs-tools/conf.d/resume kabla ya hiyo update-initramfs. UUID ya zamani ikibaki humo, seva itazubaa ikiisubiri kila ikiwaka, wewe utadhani SSD ni feki.

mzeeWaKebo: Haya, nimenyamaza 😂

kasevaKangu: TB 4 ina GB 900 wazi. ddrescue inakimbia sasa hivi, imefika asilimia 38, makosa mawili. Naiacha ilale hivyo.

bintiLinux: Mawili si mabaya. e2fsck ikimaliza piga debsums -s (ya kukagua faili za vifurushi) ndani ya chroot, itakutajia faili za mfumo zilizoharibika. Vifurushi vyake unavirudishia kwa apt reinstall.