Fundi mnamjua. Eti "huo si upepo, nyumba ina wenyewe"!

BintiKuze:
Simtaji. Yule wa kofia, abebaye msumeno kwapani hata akienda harusini. Leo kanitukana ndani ya nyumba ya marehemu babu, mbele ya mavyaa wangu, na hapa naandika mkono ukitetemeka.

Nyumba ni ya kale, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, madirisha ya mbao yamekauka yakapinda. Kusi likianza, pazia la chumbani halitulii mpaka Septemba. Tukaweka AC, ubaridi wote watoka chini ya mlango kwenda kupoza paka wa mtaa mzima. Tokeni za umeme nanunua mie, wafaidi paka. Nikamwita aje azibe.

Kaziba kwa kitu gani? Magazeti! Kayakunja, kayasokomeza kwenye fremu, kisha kapaka silikoni juu yake kama apambaye keki. Usiku gazeti likapiga mluzi hadi adhana ya alfajiri. Nikamwita aje ajionee. Pazia lapepea, karibu lishike dari. Kalitazama. Kamtazama mavyaa. Kasema: "Huo si upepo, mama. Nyumba za kale zina wenyewe. Fukizeni."

FUKIZENI!

Na mavyaa, mwanamke aliyehiji, kaitikia "kweli mwanangu" kampa mahamri. Mahamri YANGU.

Haya, nikafukiza. Nikawasha udi, nikaupitisha polepole ukingoni mwa dirisha. Moshi wapanda wima, wima, ulipofika penye gazeti lake ukalala ukakimbilia chumbani. Jini gani huyo akaaye penye ufa tu? Elfu tatu na mia tano nimelipa, niambiwe nina wenyewe. Mbele ya mavyaa!

Mpwani_Sugu:
Kwani una uhakika huna? Nauliza tu 😂

BintiKuze:
Wewe nawe ukafukizwe.

Kijana_Majengo:
Fundi wa kuaminika ni yule aliyeanza kazi Ngomeni, Fort Jesus, 1593. Tatizo hashiki simu.

ShangaziBondeni:
Mwanangu, toa magazeti hayo, yatavuta unyevu na mchwa. Silikoni ni ya pale fremu inapokutana na ukuta, tena pasafishwe kwanza. Penye kufunguka bandika utepe wa sponji, na mlango upigiwe brashi ya chini. Nyufa za ukutani pigisha chokaa. Akija na saruji mfukuze: mawe yale yakifungiwa unyevu, plasta huvimba ikadondoka. Na vitundu vya hewa vya juu jikoni usiviguse, hasa mkipikia makaa. Sumu ya makaa haina harufu, yaua watu wamelala.

BintiKuze:
Ahsante shangazi. Lakini KAMTAZAMA mavyaa kwanza ndipo kasema! Alijua anachofanya yule!

Mla_Mbaazi:
Dada, mahamri yalibaki?

NyaliGhorofani:
Nyie mna bahati, zenu za kale. Mie ghorofa jipya, madirisha ya alumini, mvua ya Mei imepita kwenye reli ikalowesha godoro. Mwenye nyumba aniambia "funga vizuri". Nifunge na nini, gundi?

Mpwani_Sugu:
Hiyo nayo ina wenyewe.

Kisauni_Damu:
Mwalilia upepo! Sisi mfereji umekauka, wa mkokoteni atuuzia mtungi shilingi hamsini.

Kijana_Majengo:
Hamsini?! Si yule wa breki ya kamba? Kaniuzia maji ya chumvi, chai ikawa supu.

BintiKuze:
Jamani, huu uzi wa fundi!

Mla_Mbaazi:
Kisauni ipi hiyo? Kwetu thelathini, na apandisha mwenyewe hadi ghorofa ya tatu.

Kisauni_Damu:
Nitumie namba yake faraghani, haraka, kabla hawa hawajaiona.