Amempokonya mama yangu iliki kiganjani, mbele ya wajukuu zake

Naandika haya nikiwa ndani ya matatu iliyokwama Makupa, na sitangoja kufika nyumbani, kwa sababu hasira ikipoa mtu huanza kumtafutia udhuru asiyestahili. Nyote mnamjua. Ni yule wa viungo, katika njia ya nyuma ya soko la Marikiti hapa Mombasa, mwenye kiti kirefu na mizani ambayo haijawahi kumpendelea mnunuzi tangu ilipoundwa. Simtaji jina, na wala hapana haja.

Tulitoka Changamwe asubuhi, mimi, mke wangu, watoto na mama yangu mzazi, tukakusudia kuwatembeza watoto mji kwa mdomo. Walikula mahamri na mbaazi za nazi Mji wa Kale, wakaonja viazi karai kwa ukwaju, wakanywa madafu na kutafuna mihogo ya pilipili na ndimu kule Mama Ngina, na kila muuzaji alitupokea kwa uso mkunjufu. Kilichobaki kilikuwa viungo vya pilau, ambavyo katika nyumba yetu havichaguliwi na mtu mwingine ila mama, aliyepika pilau za harusi tangu mimi sijaota meno.

Mama alichukua punje tatu za iliki, akaziweka kiganjani na kupasua moja kwa ukucha. Hivyo ndivyo afanyavyo kila mpishi, kwa kuwa iliki hainunuliwi kwa ganda: ganda laweza kuwa la kijani safi, kumbe mbegu za ndani zimekauka, zimegeuka kahawia na hazina mafuta wala harufu. Kabla hajaifikisha puani, mtu yule alinyoosha mkono juu ya magunia, akazipokonya punje zile kiganjani mwa mama yangu, akazirudisha deboni, akafunika kwa kishindo kilichosikika mpaka Likoni ng'ambo ya maji, kisha akasema: "Bi mkubwa, kama unataka harufu, kasimame mlangoni, hapo ni bure."

Alizipokonya kiganjani! Kiganja cha mama yangu kilibaki wazi hewani, na binti yangu mdogo akaniuliza kwa nini nyanya amenyang'anywa. Najua iliki ni ghali. Ukiondoa zafarani na vanila, sidhani kama kuna kiungo kinachoishinda kwa bei. Lakini ughali huo ndio unaompa mnunuzi haki ya kuipasua na kuinusa kabla ya kufungua mkoba. Punje tatu hazitoshi hata chai ya mtu mmoja, naye kwa ajili yazo akamvunjia heshima mwanamke aliyekuwa akinunua viungo mjini humu kabla yeye hajajua kusoma mizani. Kiganjani, jamani.

Mjukuu wa Kuze: Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie bi mkubwa salamu zetu. Mtu huyo huyo aliulizwa na mama mkwe wangu mbona karafuu zake hazina vichwa, akamjibu kwamba pilau haiangalii vichwa. Karafuu iliyopoteza kichwa ni kijiti kitupu, na bado aliipima kwa bei ya karafuu nzima.

Abiria wa Feri: Mimi namlaumu mwenye uzi. Mwanamume mzima anasimama kando huku mama yake akipokonywa, halafu anakuja kutusimulia akiwa salama ndani ya matatu. Hata hujasema kama mliondoka bila kununua, nami nakisia kwamba mlinunua nusu kilo na mkashukuru.

Mwenye uzi: Hatukununua hata punje. Mama alinishika mkono akasema twende, nami sina ada ya kumwasi mama yangu sokoni. Tafadhali usilipindue jambo: kosa ni la mkono ule ulioingia katika kiganja cha mzee.

Mteja wa Kongowea: Punje tatu ndizo zinazowaliza? Njooni Kongowea mnunue sanduku la nyanya. Juu mtapata ngumu, nyekundu, za kupendeza. Chini mtakuta mchuzi ulio tayari, umebakia kutiwa chumvi tu. Ukilalamika, unaambiwa kwamba lori limetoka mbali.

Dada wa Majengo: Hayo ya nyanya yana nafuu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, kuna wauzaji waliougeuza mfuko kuwa biashara kamili. Jana nilinunua ndimu, na mfuko ukanigharimu zaidi ya ndimu zenyewe, kisha ukapasuka kabla sijavuka barabara.

Mwenye uzi: Naomba turudi kwenye jambo la mama yangu. Alikuwa na iliki kiganjani, na ikachukuliwa.

Mama Mbaazi: Mwenye uzi, afadhali mama yako aliiona iliki hata kama alinyang'anywa, maana sisi tunaonunua mahamri kila asubuhi tumeisahau. Hamri la siku hizi limejaa upepo, halina iliki wala nazi, na ukilibonyeza linalala chini lisiinuke tena.

Mjukuu wa Kuze: Hapo umesema kweli tupu, dada. Tena mbaazi ndizo mbaya zaidi. Wanakamua nazi moja kwa sufuria nzima, wanaongeza maji mpaka tui linakuwa jeupe kwa jina tu, kisha wanatia manjano ili macho yadanganyike.

Abiria wa Feri: Mbaazi zisizopikwa kwa tui zito mimi hurudisha na sahani yake. Wiki iliyopita nilirudisha, nikaambiwa nilipie sahani kwa kuwa nimeichovya kidole.