Wachora ramani, viwanja vya mlimani huwa mnavikanyaga au mnachorea mezani tu?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Kiwanja kiko Mwanza, upande wa Luchelele, juu, ziwa lote unaliona. Bei nililipia hilo ziwa, siyo udongo. Nikamlipa mtu anayejiita mbunifu majengo anitolee ramani ya kisasa ya familia, vyumba vinne. Kaleta nini? Nyumba ya tambarare, utadhani najenga Dodoma! Sebule inatazama kilima, yaani wanangu wakae kwenye sofa waangalie ukuta. Wanaoliona ziwa ni choo cha wageni na stoo.

Kiwanja kinashuka kama mita 1 kila ukitembea mita 5. Nyumba yake, mbele hadi nyuma, ni mita 15. Piga hesabu: mita 3 nzima. Namuuliza, ananijibu "tutasawazisha". Utasawazisha na nini, kaka? Ukichimba unakutana na majabali yetu haya haya, kijiko cha mashine ya kuchimba kinakwaruza tu. Ukijaza kifusi, jamvi, yaani zege la sakafu, linakaa juu ya udongo wa kuletwa. Ukititia, sakafu inapasuka. Na ukuta wa kuzuia kilima kauchora wa tofali za inchi 6. Hakuna nondo, hakuna zege, hakuna hata tundu la kutolea maji! Masika ikiloweka ule udongo, uzito wote na maji yaliyonasa nyuma vinausukuma ukuta, halafu chini yake kuna vyumba vya watoto.

Mteremko unafuatwa. Vyumba viwe juu, unaingilia huko toka barabarani, unashuka ngazi kama 9 hivi unatokea sebuleni na jikoni, mbele ya ziwa. Msingi unashuka kwa hatua, unachimba kidogo. Na ziwa kwetu liko magharibi, kwa hiyo hata hivyo vioo vya ukuta mzima mnavyovipenda, bila kibaraza kirefu, saa 10 jioni ni tanuri.

Nikamuomba namba yake ya usajili wa bodi ya wabunifu majengo, kanuna. Sasa anadai hela nyingine ya "marekebisho". Sitoi hata senti!

Mwenye nyumba kwenye vilima vya Isamilo au Capri Point hapa Mwanza aliyechorewa na mtu aliyeanza kwa kuleta mpima achukue miinuko, aweke picha hapa, na aseme ule ukuta wa zege ulimla shilingi ngapi. Wauza ramani za kupakua, msije PM.